Kubali Yaishe: Safari ya Mpiga Ilimba wa Miyuji

Barabara kuu inayopita Miyuji sisi wa Dodoma tunaiita barabara ya Arusha. Ukifika Arusha, wenyeji wanaiita barabara ya Dodoma. Zamani kipande cha katikati, kupitia Kondoa, kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na wengi walikikwepa. Kisha ikaja lami ya kilomita 251 kati ya Dodoma na Babati, iliyozinduliwa Julai 2018, na sasa mtu wa Miyuji akidamka mapema, mambo yakimnyookea, analala Nairobi usiku huo huo.

Mwezi Agosti nilipita njia hiyo na mpwa wangu. Simtaji jina, na mkisoma mtaelewa kwa nini. Ni mpiga ilimba, ala ya muziki ya vyuma, katika kikundi cha ngoma ya Kigogo, na kikundi kilikuwa kimealikwa kupiga Nairobi, kisha mwaka unaofuata, Mungu akipenda, Uingereza. Wagogo kusafiri na muziki wao si jambo geni. Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma, alizunguka dunia na ilimba yake hadi alipofariki mwaka 2003, na vijana wa Miyuji, Makutupora na Chamwino wanaojifunza kuimba sauti zikipishana bado wanamtaja kama babu wa ukoo. Dada yangu aliniomba niongozane na mwanawe kwa sababu mimi nimewahi kujaza fomu za viza, na kwa sababu ya jambo jingine ambalo kijana hakutaka lizungumzwe mbele ya wenzake.

Miaka michache nyuma, akitoka kupiga kwenye harusi katika mji mmoja nje ya mkoa wetu, alikaa stendi usiku kusubiri basi la alfajiri. Akakusanywa na wengine kwenye msako. Kesho yake wakafikishwa mahakama ya mwanzo kwa kosa la uzururaji. Ilimba yake ilikuwa kwenye mfuko wa salfeti, na hakuna aliyeuliza ni ya nini. Waliokuwa naye mahabusu walimpa ule ushauri ambao kila aliyewahi kukalia sakafu ya mahabusu ameusikia: kubali yaishe. Akasomewa shitaka, akasema ni kweli. Akapigwa faini, mama yake akatuma pesa kwa simu, na jioni kijana akawa nyumbani anakula ugali wa uwele na mlenda. Kila mtu akaamini yamekwisha.

Hayakwisha. Kiongozi wa kikundi alipotaka kila mwanachama awe na pasipoti, kijana hakushtuka, alilipa shilingi 150,000 zake kama wengine akaipata. Lakini kiongozi alipoagiza pia hati ya tabia njema kutoka polisi, mpwa wangu aliacha kulala. Nilikwenda naye kituoni kuchukuliwa alama za vidole. Askari alikuwa mtu mpole. Alitandaza wino mweusi kwa rola, akamshika kidole kimoja kimoja, akakiviringisha kwenye karatasi kutoka ukingo wa ukucha huu hadi ukingo wa ukucha ule. Alipofika kwenye dole gumba akasimama. Alama haikutoka vizuri. Akarudia, ikatoka doa jeusi lisilo na mistari. Akamgeuza mkono kwenye mwanga, akaona sugu.

"Wewe ni fundi ujenzi?"

"Hapana afande, napiga ilimba."

Ilimba hupigwa kwa madole gumba, na kijana ameipiga tangu akiwa mchungaji wa mbuzi. Askari alimpangusa kidole kwa kitambaa, akasubiri kikauke, akajaribu tena taratibu hadi mistari ikaonekana. Nilitazama karatasi ile yenye vidole kumi nikawaza kwamba sasa serikali inamjua kijana huyu kwa kile kile kilichomfanya mpigaji.

Hati ilipotoka, ilikuwa safi. Kosa lile la stendi halikuwa kwenye kumbukumbu zilizotafutwa. Nyumbani Miyuji kukawa na shangwe, dada yangu akachinja kuku. Mimi sikushangilia sana, kwa sababu nilikuwa nimeshaiona fomu ya viza ya Uingereza. Fomu haiulizi kama polisi wana kumbukumbu yako. Inauliza kama umewahi kutiwa hatiani, mahali popote, wakati wowote.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo kichwani tulipopanda basi kando ya barabara, si mbali na Chuo cha Mipango, jua likiwa halijachomoza na upepo wa Agosti ukituchoma masikio. Ilimba alikuwa ameifunga kwenye kitenge cha mama yake. Tukapita Msalato, ulikokuwa ukijengwa uwanja wa ndege wa kimataifa, tukaacha mashamba ya zabibu upande wa Makutupora. Baada ya Mayamaya nchi inakuwa ya mawe na mibuyu, na watu wachache wanaosimama barabarani wamejifunga mashuka hadi kidevuni.

Ndani ya basi siri haina pa kukaa. Kijana alikuwa na ile fomu kwenye simu, akanionesha swali, tukabishana kwa sauti ya chini. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu, mwalimu mstaafu aliyekuwa akirudi kwao Kolo, akageuka.

"Mnisamehe wanangu, nimesikia. Polisi si wamemwandikia hana kosa? Basi aandike hapana. Mbona mnajitafutia matatizo?"

Konda naye akaunga mkono. Kijana wa nyuma akasema anamjua mtu aliyeandika hapana na sasa yuko Manchester anaendesha basi. Kwa kipande kirefu cha njia nilikuwa peke yangu, na nakiri hoja yao ina nguvu kwa mtu aliyekua akiona ukweli unamponza maskini na uongo unamvusha mwenye nazo. Lakini sheria za Uingereza niliwaeleza kama zilivyo, na nazieleza tena hapa kwa sababu watu wengi wanapotea palipo na njia.

Kwa anayeomba kwenda kama mgeni wa muda mfupi, kanuni zao zinasema hivi: ukiwa ulihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, unakataliwa. Kifungo kikiwa chini ya hapo, unakataliwa tu kama haijapita miezi 12 tangu umalize kifungo. Ikiwa adhabu haikuwa ya kifungo, kama faini, miezi 12 inahesabiwa tangu siku ya kutiwa hatiani. Faini ya mpwa wangu ilikuwa imeshavuka muda huo zamani. Maana yake kosa lenyewe halikuwa tena sababu ya lazima ya kumnyima. Lakini mwombaji akidanganya kwenye fomu na ikagundulika, anaweza kufungiwa mlango kwa miaka hadi 10. Kwa hiyo mwenye faini ndogo ya zamani anayeandika hapana anabadilisha kosa linalosahaulika kwa kosa lisilosahaulika. Na asijidanganye kwamba sheria yao ya 1974 ya kuwasahaulia wakosaji makosa yao itamlinda. Ni kweli kwa sheria hiyo faini ya mtu mzima huhesabika imekwisha baada ya mwaka, lakini maamuzi ya uhamiaji yameondolewa humo. Kwenye viza unataja yote.

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kuhusu Marekani. Ana mtoto wa ndugu aliyehukumiwa kwa wizi wa kuku akiwa na miaka ishirini na kitu, akatumikia wiki chache, sasa ni fundi mzuri na ana jamaa Texas anayemwita. Swali hilo lilinikaa moyoni kuliko la kwetu. Fomu ya Marekani inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama ulisamehewa. Wizi wanauhesabu miongoni mwa makosa ya upotovu wa maadili. Wana msamaha kwa kosa dogo, lakini una masharti: liwe kosa moja tu, adhabu uliyopewa isizidi miezi 6, na adhabu ya juu kabisa ambayo sheria ingeruhusu isizidi mwaka mmoja. Hapo ndipo Mtanzania anapokwama. Kanuni ya Adhabu yetu inaweka adhabu ya juu ya wizi katika miaka kadhaa, hata kama kilichoibwa ni kuku tu. Kwa hiyo wiki chache za gerezani zinapimwa kwa kipimo cha miaka ambayo hakimu hakumpa. Kinachobaki ni kuomba ruhusa maalumu, na hiyo ni kazi ya karatasi nyingi na subira. Kanada nayo inapima kosa kwa sheria zake yenyewe, na kwa kosa moja lisilo zito mtu huweza kuhesabiwa amejirekebisha miaka 10 ikishapita tangu amalize adhabu.

"Sasa mtoto wa watu ataishi na kuku huyo hadi lini?" mwalimu akauliza. Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Alishuka Kolo, chini ya vilima vyenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, akatuombea safari njema, na kabla hajaondoka akamwambia mpwa wangu, "Baba, andika ukweli. Lakini siyo haki."

Neno hilo tulitembea nalo. Bereko, Bonga, Babati na ziwa lake, kisha uwanda wa Minjingu, kijana hakusema kitu. Karibu na Makuyuni ndipo alipoeleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mama yake. Siku ile mahakamani alitaka kusema si kweli. Alitaka kuifungua ilimba na kumwonesha hakimu kazi yake. Lakini mtu aliyesimama mbele yake alikana, akarudishwa mahabusu kusubiri tarehe nyingine kwa kukosa wa kumdhamini, naye akaogopa. Alikiri kosa ili apate kwenda nyumbani.

Nawaomba wanaosoma wasipite haraka hapo. Watu wetu wengi wana rekodi si kwa sababu walithibitishiwa kosa, bali kwa sababu kukiri kulikuwa ndiyo nauli ya kurudi nyumbani. Na ukishakiri, kwa kawaida sheria haikupi rufaa ya kupinga kutiwa hatiani, utalalamikia adhabu tu. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kampeni ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa 2023 kwa jina la Mama Samia imefika hadi vijijini. Yote ni mema. Lakini mtu anayekamatwa stendi saa nane usiku na kufikishwa mahakamani asubuhi hana muda wa kumtafuta msaidizi wa kisheria, na hakuna anayemwambia kuwa faini anayokwenda kulipa itaulizwa ubalozini.

Kuingia Arusha kwa barabara yetu, kabla ya katikati ya mji, unapita majengo yaliyo jirani na makao ya hifadhi za taifa, ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Anwani yake kweli ni barabara ya Dodoma. Tarehe 4 Desemba 2020, kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, mahakama hiyo ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji, za kumkamata mtu kwa kuonekana hana kazi, hana makao au hawezi kujieleza vizuri, zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na kwamba nchi zinatakiwa kuzirekebisha au kuzifuta. Nilimwonesha kijana lile geti kupitia dirishani. Nikamweleza pia ukweli mchungu kwamba maoni ya ushauri si hukumu, hayamwondolei mtu rekodi, na kwamba Tanzania mwaka 2019 iliondoa tamko lililowaruhusu raia kuishitaki nchi moja kwa moja pale.

Makosa hayo yalitoka wapi? Mizizi yake ni sheria ya Uingereza ya 1824, iliyotungwa kuwafagia maskini na askari wasio na kazi mitaani baada ya vita vya Napoleon. Wakoloni wakaieneza, nasi tukairithi ndani ya Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1945. Baada ya uhuru hatukuiacha. Mwaka 1983, enzi za kampeni ya Nguvu Kazi, watu walikusanywa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini kwa hoja ile ile ya kutokuwa na kazi inayoonekana. Kwa upande wao Waingereza, Bunge lao lilipitisha mwaka 2022 kuifuta sheria yao ya 1824. Malawi, mahakama kuu ilitupa kifungu cha namna hiyo mwaka 2017, na Uganda Mahakama ya Katiba ikafanya hivyo hivyo mwaka 2022. Kwa hiyo mpwa wangu anatakiwa kuwaeleza Waingereza kosa ambalo mzizi wake uliota kwao, na ambalo wao wenyewe wameamua kuliacha. Jambo hilo linaniuma kama mtu mzima na kama mjomba.

Tulibadilisha gari Arusha, tukafika Namanga alasiri. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi Desemba 2018, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Kijana alikuwa akitetemeka. Alikuwa ameandaa maelezo yake yote, na alikuwa na nakala ya hukumu na risiti ya faini kwenye bahasha, kama nilivyomshauri. Afisa wa Kenya alifungua pasipoti, akatazama uso, akauliza anakwenda kufanya nini. Kupiga muziki. Mfuko una nini? Kijana akafungua kitenge, vyuma vya ilimba vikalia vyenyewe kidogo. Afisa akatabasamu, akagonga muhuri, akasema karibu Kenya. Hakuulizwa lolote kuhusu stendi wala faini. Nje ya jengo kijana alikaa kwenye ukingo wa saruji akashika kichwa, nami nikamwacha.

Hiyo ndiyo hali halisi kwa nchi za jirani: kwa msafiri wa kawaida anayekwenda kutembea, mpaka unataka hati halali ya kusafiria na sababu ya safari. Swali la rekodi linarudi pale unapotaka kazi. Wanamuziki wa Nairobi waliotupokea walikuwa na kisa chao: huko ajira nyingi zinataka cheti cha polisi cha mwenendo mwema, kinacholipiwa shilingi 1,050 za Kenya, na wasichana wanaotaka kwenda kufanya kazi Ghuba hawavuki bila hicho. Mmoja wao, mpiga ngoma hodari, hajaomba cheti tangu akamatwe akiuza nguo barabarani. Hajui kama jina lake limo, na anaogopa kujua.

Onesho lilikwenda vizuri. Asubuhi yake, kwenye meza ya nyumba ya wageni, mpwa wangu alijaza fomu. Aliandika ndiyo. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika kosa, mahakama, tarehe, kiasi cha faini na kwamba aliilipa siku hiyo hiyo, bila kulaumu mtu na bila kujitetea kwa maneno mengi. Ninapoandika, ameshakwenda Dar es Salaam kwa treni ya umeme kutoa tena alama za vidole, safari hii kwa mashine isiyotumia wino, na majibu hayajatoka.

Rai yangu ni kwa wanaotunga sheria. Nchi yetu inalijua wazo la muda kufuta kosa. Ibara ya 67 ya Katiba inamzuia kugombea ubunge mtu aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu, na kwa kosa hilo miaka hiyo ikipita anaruhusiwa. Afrika Kusini aliyepigwa faini ndogo anaweza kuomba rekodi yake ifutwe baada ya miaka 10. Kanuni ya Adhabu yetu inamruhusu hakimu kumwachia huru kwa masharti, au bila masharti, mkosaji ambaye hakuna faida kumwadhibu. Kinachokosekana ni kifungu kinachosema faini ya kosa dogo ikishalipwa, na miaka kadhaa ikapita bila kosa jingine, basi imekwisha, na mtu ana haki ya kupewa karatasi inayosema hivyo. Karatasi hiyo haitawazuia wageni kuuliza, lakini itampa mtu wetu jibu lenye mhuri wa nchi yake. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na huu ndio wakati wa kuongeza jambo hili kwenye kazi inayoendelea, pamoja na kuyafuta makosa ya uzururaji yenyewe.

Bunge liko hapa hapa Dodoma. Waheshimiwa, leteni muswada. Na wewe kijana ambaye rekodi yako ni faini ya asubuhi moja, nenda katika mahakama iliyokuhukumu ukaombe nakala ya hukumu sasa, kabla hujahitaji viza, kwa maana jalada la zamani huchukua muda kupatikana.